Kagua kinyesi kwanza, dawa ya minyoo baadaye

Mbwa wa nyumbani akianza kuhara, hapa Uganda jibu huwa moja: mtu anatumwa duka la dawa za mifugo kununua kidonge cha minyoo. Siku nyingine kidonge kinasaidia. Mara nyingi mbwa anapona kwa sababu yale mafuta ya chipsi aliyookota jana yameshapita tumboni, lakini sifa inakwenda kwa kidonge. Shida inakuja pale chanzo kinapokuwa parvo (ugonjwa mkali wa virusi vya utumbo), sumu ya panya, au gunzi la mahindi lililokwama. Hapo kidonge kinakula saa ambazo mnyama hana, na dalili za kutofautisha mambo hayo zilikuwa uani tangu asubuhi.

Katika nyumba nyingi za Kampala na Entebbe mwenye mbwa hakioni hicho kinyesi. Mbwa hufunguliwa usiku, hufungiwa alfajiri, na anayezoa ni kijana wa kazi au askari wa geti. Basi huyo ndiye wa kufundishwa. Mwambie kabla ya kuzoa aangalie umbo, rangi, kilicho juu (ute, damu, mafuta) na kilicho ndani, akivunje kwa kijiti. Kama mna mbwa wawili na hamjui kilichoharibika ni cha nani, mmoja muwekee karoti mbichi iliyokwaruzwa kwenye chakula. Vipande hivyo hutoka vilevile, na kesho yake mtajua.

Cha kawaida kikoje

Madaktari wa wanyama hupima kinyesi kwa ngazi 1 hadi 7. Ngazi ya 1 ni vidonge vikavu vigumu anavyovitoa kwa kujikamua. Ya 7 ni maji matupu. Kinachotakiwa ni 2 au 3: kimeshikana, kina mikunjo, kinaokoteka, na kikiokotwa hakiachi kitu, au kinaacha unyevu kidogo tu. Cha ngazi ya 4 bado kina umbo ila kinanata ardhini. Ngazi ya 5 ni rojo lenye umbo la hapa na pale, na kuanzia hapo tunasema anahara.

Mbwa mzima huenda haja kubwa mara moja hadi tatu kwa siku. Mtoto wa mbwa anaweza kwenda mara tano bila ugonjwa wowote, kwa kawaida muda mfupi baada ya kula. Paka huenda mara moja au mbili. Anayekula posho (ugali wa mahindi) nyingi hutoa kinyesi kingi kuliko anayekula nyama, kwa hiyo usimlinganishe wako na wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Rangi ya kahawia inatokana na nyongo, ambayo hubadilika rangi ikisafiri utumboni. Ndiyo maana rangi ikigeuka sana, ama kasi ya tumbo imebadilika, ama nyongo haifiki, ama kuna kitu kingine kimeingia.

Utumbo mwembamba au mpana?

Hili ndilo swali la kwanza daktari atakalojaribu kulijibu, na wewe unaweza kulijibu nyumbani.

Utumbo mwembamba ukiwa na shida, mnyama huenda mara chache, labda tatu au nne kwa siku, lakini kila mara anamwaga kingi. Hajikamui. Damu ikiwepo imeshameng'enywa njiani, hivyo kwa kawaida inatoka nyeusi. Hali ikiendelea, anakonda, na mara nyingi anatapika pia. Hapa fikiria chakula kibovu, safura (minyoo midogo inayonyonya damu), giardia (kimelea kidogo cha utumbo), parvo, na magonjwa ya ini au kongosho.

Utumbo mpana ukiwa na shida, mambo ni kinyume. Anakwenda mara sita, nane, kumi, kila mara kijiko kimoja tu, anabaki amechuchumaa akikamua hata baada ya kumaliza. Kuna ute mwingi unaong'aa, na damu ikiwepo ni nyekundu kabisa. Uzito haupungui haraka na hamu ya kula mara nyingi ipo. Fikiria minyoo mjeledi, mfupa uliokwaruza, kubadilishiwa chakula ghafla, au taharuki kama ya kuhamishwa nyumba. Wenye mbwa wengi huogopa hii ya pili kwa sababu ya damu nyekundu na kujikamua, kisha wakaipuuza ile ya kwanza kwa kuwa mbwa "haendi sana". Katika mbili hizo, ile ya kwanza yenye kinyesi cheusi ndiyo ya kuharakia zaidi.

Rangi, na rangi zinazodanganya

Nyeusi ya lami, yenye kunata na harufu kali, ni damu iliyotoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba. Kabla ya kutaharuki uliza alikula nini. Aliyepewa damu ya kuchemsha, bandama au maini kutoka buchani atatoa kinyesi cheusi siku moja au mbili, bila ubaya. Pakaza kinyesi kidogo kwenye karatasi nyeupe ya chooni, kisha ilowanishe: ikiwa ni damu, pembeni patatokea rangi ya wekundu wa kutu. Kipimo hiki hakitofautishi damu yake na damu aliyokula, kwa hivyo jibu la "alikula nini" lazima liwe la kweli. Uliza pia dawa. Diclofenac na ibuprofen zinazonunuliwa kwa ajili ya mgongo wa baba huchimba vidonda kwenye tumbo la mbwa, na dalili yake ni weusi huohuo.

Kijivu, kinene, chenye mafuta yanayong'aa na harufu ya uchachu, na mbwa anakula kupindukia huku akikonda: kongosho haitoi vimeng'enya vya kutosha. German Shepherd, ambao ndio walinzi wa mageti mengi mjini, wana urithi wa tatizo hili. Watu huwapa dawa ya minyoo mwezi baada ya mwezi, na mbwa anazidi kubaki mbavu. Kipimo cha damu kinalithibitisha, na tiba ni vimeng'enya vinavyochanganywa na chakula maisha yake yote.

Njano au rangi ya chungwa huweza kuwa kasi tu: chakula kimepita kabla nyongo haijabadilika. Lakini mfunue mdomo. Ufizi na weupe wa macho vikiwa vya njano pia, ini limeguswa au damu inaharibika kwa ugonjwa wa kupe, na hilo ni la daktari siku hiyohiyo.

Nyeupe ya chokaa, kinachobomoka kama unga, ni mifupa mingi mno. Kijani huwa ni majani aliyokula. Kijani, samawati au waridi inayong'aa yenye chembechembe ni jambo jingine: sumu za panya hutiwa rangi. Sumu za aina inayozuia damu kuganda hazionyeshi kutoka damu hadi siku tatu hadi tano zipite, kwa hiyo mbwa mchangamfu mwenye chembe hizo kwenye kinyesi bado yuko hatarini. Nenda na pakiti ya sumu kama ipo, kwa sababu dawa yake, vitamini K1, hutolewa kwa siku nyingi na daktari anahitaji kujua jina la sumu.

Posho, mukene na mifupa

Kabla ya kutafuta ugonjwa tafuta sufuria. Posho iliyopikwa dakika tano ina wanga mbichi ambao tumbo la mbwa halimalizi. Unachacha utumboni na kutoa kinyesi kingi, laini, chenye povu na gesi. Iive kwa dakika 20 au zaidi kwa moto mdogo. Unga wenye harufu ya uvundo, au uliosagwa kutoka mahindi yenye ukungu, usimpe mbwa hata kama ng'ombe anaula. Sumu ya ukungu, aflatoksini, hushambulia ini: mbwa anaacha kula, anatapika, anakuwa wa njano, na kinyesi kinakuja cheusi au chenye damu. Kupika hakuiondoi.

Mukene (dagaa) ni chakula kizuri cha protini, ila mwingi hukaushwa chini kwenye mchanga. Mchanga huo unaonekana kwenye kinyesi na unakwaruza utumbo mpana hadi kutoa ute. Uoshe kwa maji mara mbili tatu, uache mchanga utuame, ndipo upike.

Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali, wa kuku hasa. Kinyesi cheupe kigumu mara moja si shida kubwa. Mbwa anayejikamua kwa siku mbili na kutoa majimaji kidogo tu amefunga choo kwa mifupa, na majimaji hayo yanapita pembeni ya kizibo. Ukimpa dawa ya kuzuia kuhara hapo unamfungia kabisa.

Vitu vinavyoziba kweli ni gunzi la mahindi ya kuchoma, kokwa la embe na kavera (mfuko wa plastiki) lililobeba nyama. Mbwa anatapika kila anachokula, tumbo linauma likiguswa, na kinyesi kinapungua hadi kikome. Hakuna mafuta ya kupikia wala maziwa yatakayosukuma gunzi. Ni picha ya eksirei au ultrasaundi, na mara nyingi upasuaji.

Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtoto wa paka hupewa, huwaharisha wengi wao kwa kuwa hawawezi kusaga sukari yake. Acha maziwa kwa siku tatu kabla ya kuhangaika na jambo lingine.

Minyoo unayoiona na usiyoiona

Kinyesi kisicho na minyoo hakimaanishi tumbo halina minyoo. Minyoo mviringo huonekana: ya rangi ya maziwa, sentimita 5 hadi 18, imejikunja, wakati mwingine inatapikwa. Tegu huonekana kwa vipande vyake, mithili ya punje za mchele, vinavyojongea vikiwa vibichi kisha vinakauka kwenye manyoya chini ya mkia. Safura ni ndogo sana na imeng'ang'ania ukuta wa utumbo. Utaona kazi yake tu, yaani kinyesi cheusi laini na ufizi mweupe. Kwa mtoto wa mbwa safura inaweza kumaliza damu na kumuua. Minyoo mjeledi nayo haionekani mara nyingi.

Dawa haziko sawa. Pyrantel hutoa mviringo na safura lakini haigusi tegu, ambaye anahitaji praziquantel. Mjeledi unahitaji fenbendazole au febantel. Vidonge vingi vya mchanganyiko hupimwa kidonge kimoja kwa kilo 10, kwa hivyo ni lazima ujue uzito. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, ukitoa uzito wako. Mbwa mkubwa apimwe kwenye mizani ya magunia. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakofanya watu waseme dawa ni feki. Na ivermectin ya sindano ya ng'ombe isikaribie mbwa bila daktari: ni kali mno kwa mwili mdogo, na mbwa wa jamii ya Collie na chotara wao huweza kufa kwayo.

Watoto wa mbwa waanze wakiwa na wiki 2, warudie wiki ya 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi mitatu. Mapema hivyo ni kwa sababu minyoo mviringo huwaingia wakiwa bado tumboni mwa mama na safura huwaingia kwenye maziwa. Watoto wa paka waanze wiki ya 3.

Punje za mchele zikirudi baada ya wiki mbili au tatu, usilaumu dawa. Tegu wa kawaida hupitia kwenye kiroboto ambaye mbwa amemmeza akijikuna kwa meno. Bila kuua viroboto, mzunguko unaanza upya.

Usisubiri kesho

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, anatapika, hataki kula, kisha anahara majimaji yenye damu na harufu mbaya isiyosahaulika: chukulia ni parvo hadi ithibitishwe siyo. Kutapika na unyonge mara nyingi hutangulia damu, na wanaosubiri kuona damu hufika kliniki wakiwa wamechelewa. Anahitaji maji ya mshipa siku hiyohiyo. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi.

Kuhara pamoja na kutokwa mate, kutetemeka na mboni za macho zilizosinyaa ni sumu ya dawa za kuulia wadudu wa mimea au ya nyama iliyotegwa. Hapo ni dakika zinazohesabika.

Kwa wengine wote, kagua ufizi. Bonyeza kwa kidole na uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiwa mweupe, wa njano, mkavu wa kunata, au rangi ikichelewa, nenda. Vivyo hivyo joto likipita nyuzi 39.5, kinyesi cha lami, damu nyingi, kutapika pamoja na kuhara, au mnyama wa chini ya miezi sita anayehara zaidi ya nusu siku.

Akihara kidogo na bado mchangamfu

Mbwa mzima anayekunywa na kutikisa mkia anaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku mbili. Mrukishe mlo mmoja, yaani akae bila chakula kwa muda wa saa 12 hivi. Mtoto wa mbwa usimfungishe, na paka usimfungishe kamwe. Paka mnene asipokula siku mbili tatu ini lake hujaa mafuta.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Koroga pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mbwa wa kilo 10 apewe vijiko viwili vya chakula kila nusu saa. Bakuli zima kwa mara moja atalitapika. Kwa siku anahitaji mililita 500 hadi 600, na zaidi ya hapo kufidia anachopoteza. ORS iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Chakula kiwe wali uliolainika sana sehemu mbili na kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mifupa sehemu moja. Samaki ngege (sato) au mputa (sangara) aliyetolewa miiba yote anafaa pia. Bila mafuta, chumvi, wala mchuzi. Kitunguu ni sumu kwa mbwa na paka. Mbwa wa kilo 10: wali gramu 300 na kuku gramu 150 kwa siku nzima, milo minne, na siku ya kwanza nusu yake tu. Kijiko kimoja cha boga lililochemshwa na kupondwa husaidia kukishikanisha. Kikishakuwa ngazi ya 3 kwa siku mbili, rudisha chakula chake polepole: robo, nusu, robo tatu, kwa muda wa wiki nzima. Wanaorudisha posho yote siku ya pili huanza upya.

Loperamide, dawa ya kuzuia kuhara, usimpe. Metronidazole, ambayo kila duka linauza kwa reja reja, nayo iache hadi daktari aiandike. Huvuruga vijidudu vyema vya utumbo kwa wiki kadhaa. Paracetamol inaua paka.

Sampuli ya maabara

Okota kilichodondoka sasa hivi, kutoka juu, kisichogusa udongo, kwa sababu udongo una minyoo yake midogo itakayompotosha mtaalamu. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Tumia kichupa safi chenye kifuniko. Kavera lenye mafuta ya kebabu halifai. Andika jina la mnyama, tarehe na saa. Kiweke mahali pa baridi bila kukigandisha, na kifike ndani ya saa 24, kwani katika joto letu mayai ya safura huanguliwa siku ya kwanza au ya pili na kipimo kikakosa kuyaona. Giardia hutoka kwa vipindi: sampuli tatu za siku tofauti ni bora kuliko moja kubwa. Kliniki zenye hadubini hufanya kipimo hiki papo hapo, na Chuo Kikuu cha Makerere kina maabara katika chuo chake cha tiba ya wanyama. Daktari apewe pia picha ya simu ya kinyesi chenyewe, pamoja na majibu ya: lini kilianza, mara ngapi kwa siku, alikula nini, na dawa gani ameshapewa.

Paka na sungura

Paka dume anayeingia kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, anakamua, analia, na hakitoki kitu: wengi hudhani amefunga choo na kumpa mafuta. Kagua kama mchanga una mkojo. Ukiwa mkavu, kibofu kimeziba, na huenda akafa ndani ya siku mbili au tatu. Ndiyo sababu sanduku lisafishwe kila siku. Aliyefunga choo kweli, saa 48 bila kinyesi, apelekwe pia.

Sungura ana kinyesi cha aina mbili, vidonge vikavu vya mviringo na vishada laini vyenye kung'aa anavyovila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma. Usimzuie, ndiyo lishe yake. Vishada vikibaki sakafuni anakula pellet (chakula cha kiwandani) nyingi mno na nyasi chache. Vidonge vikikoma kwa saa 12 ni dharura.

Kuzoa na kutupa

Mayai ya minyoo mviringo huhitaji wiki mbili hadi nne ardhini kabla ya kuambukiza. Ukizoa kila siku umekata njia kabla haijafunguka. Safura ni ya haraka zaidi na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu mtupu, hivyo watoto wavae kandambili uani, hasa mvua zinaponyesha. Tupa kwenye choo cha shimo. Usikipeleke kwenye mbolea ya mboga kama dodo na nakati. Mjamzito asisafishe sanduku la paka. Vimelea vya toxoplasma, vinavyoweza kudhuru mimba, huanza kuambukiza siku moja hadi tano baada ya kinyesi kutoka.

Palipokaa mbwa wa parvo, osha kwanza uchafu wote kwa sabuni, kisha mwagia jiki mililita 50 kwa lita moja ya maji, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Jiki ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kazi. Kwenye udongo virusi hukaa miezi mingi, kwa hiyo usilete kijibwa kingine hapo mwaka huo kabla chanjo zake hazijatimia.

Karamoja, na popote panapochinjwa mbuzi na kondoo nyumbani, mbwa asipewe mapafu wala maini yenye malengelenge ya maji. Hapo ndipo anapompata tegu mdogo sana ambaye vipande vyake havionekani kwa macho, na mayai yake humjengea binadamu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Vichomwe au vifukiwe kina ambacho mbwa hawezi kufukua, na mbwa wa maeneo hayo apewe praziquantel kila wiki sita.